Moshi Kwenye Droo ya Diski

Ukimwachia Bakary kompyuta asubuhi, jioni unarudishiwa ganda. Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa uani kwenye hitima, wanawake wakichambua mchele, na tangu siku hiyo Mwahija hakuweza kuyatoa kichwani. Aliyeyasema ni Adija, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, tena aliyasema huku akitupa chuya pembeni bila kuinua macho, kama mtu anayesema jambo linalojulikana mji mzima. Wanachomoa vizima, wanatia vibovu. Na wewe utajuaje? Uliwahi kuona tumbo la kompyuta?

Ndiyo maana asubuhi hii Mwahija alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi na kompyuta imo mapajani, imeviringwa kanga mbili, hataki kuitua.

"Mama, nitaitengeneza ikiwa umeipakata hivyo?" Bakary aliuliza. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtu wa Pande, mwenye sauti ya chini na kucha zilizokatwa fupi kabisa. Banda lake lilikuwa nyuma ya soko la Kilwa Masoko, milango miwili ya bati, meza ndefu, na chini ya meza boksi la vipande vya kompyuta zilizokufa. Boksi hilo Mwahija alikuwa ameliona tangu anaingia. Hakuliacha kwa macho.

"Itengeneze hapa hapa mbele yangu," alisema. "Sitoki."

"Hujafukuzwa."

Aliitua. Akafungua fundo la kanga la kwanza, akafungua la pili, akabaki na mkono mmoja juu ya bati. Mgongo ulimuuma. Ilikuwa wiki ya sita hajalala vizuri, na hiyo wiki ya sita ndiyo iliyomleta, maana mtihani wa Fauzia ulikuwa umebakiza siku kumi na moja.

Fauzia alikuwa binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa. Macho yalimpofuka miezi miwili kabla ya mtihani wa kidato cha nne, akaingia chumba cha mtihani akatoka hana alama. Mwaka huu alikuwa anaurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nukta nundu alikuwa amejifunza, vidole vyake vilikwisha kuzoea, lakini vitabu vya nukta nundu Kilwa nzima vilikuwa vya kuhesabu kwa kiganja. Aliyemwokoa alikuwa Mwalimu Clemence, mwalimu wake wa zamani aliyestaafu akarudi kwao Rondo. Mzee yule alikaa na kinasa sauti mwaka mzima akisoma masomo kwa sauti yake, Historia, Uraia, Biolojia, Kiswahili, akajaza diski thelathini na moja. Akatafuta kompyuta kuukuu tatu zilizotupwa na ofisi, akazigawa kwa watoto watatu wasioona, mmoja Masoko, mmoja Pande, mmoja Sudi. Kila bahasha ya diski aliikata pindo kwa mkasi, kata moja diski ya kwanza, kata mbili ya pili, ili mtoto ajue kwa kupapasa. Sasa mzee kifua kinambana. Kurudia kusoma hawezi tena.

Fauzia alisikiliza diski kumi na nane. Ya kumi na tisa iliingia, ikazunguka, ikanyamaza, na tangu hapo wiki sita zilikuwa zimepita.

Bakary alizungusha bisibisi, bati la ubavuni likatoka. Akatazama ndani, akasogeza taa, akatazama tena. Kisha akakaa chini na kuanza kucheka kidogo kidogo, kicheko cha puani.

"Mama, hii umeipeleka kwa somo wa harusi? Imepambwa kama bibi harusi."

Mwahija hakucheka. Kila kitu mle ndani alikuwa amekitia nukta nyeusi ya piko, ile ile wanayojipaka wanawake mikononi siku za sherehe. Nukta kwenye feni, nukta kwenye kila kisanduku, nukta kwenye ncha za nyaya. Aliketi sakafuni saa nzima na njiti ya kiberiti akipaka, ili kitu kikibadilishwa ajue.

"Nimeweka alama," alisema.

"Naona. Mimi ndiye niliyewekewa?"

"Kwa yeyote."

Bakary alifuta tabasamu usoni, akatikisa kichwa. Alisema anajua yanayosemwa, na wala haulizi nani kasema, maana mji huu mdogo. Kisha akashika kazi. Kwanza aliona waya mmoja umening'inia. Akamwonyesha Mwahija: ile droo inayomeza diski ina nyaya mbili nyuma yake, mpana wa umeme na mwembamba unaopeleka habari, na huu mwembamba umechomoka. Akauchomeka, ukalia tiki. Akawasha. Droo ikajitokeza, ikapewa diski ya fundi ya kujaribia, ikaimeza. Ikakwaruza mara tatu, krr, krr, krr, ikatulia. Kwenye kioo cha fundi, skrini aliyoiunganisha, hapakutokea kitu.

Basi akaichomoa droo yenyewe, akaipasua kwa bisibisi ndogo, akafunua mfuniko. Akainama. Akanusa. Akainua uso, akanusa hewa ya upande aliokaa Mwahija, akarudi tena kunusa kile kidude.

"Mama, kazi yako nini?"

"Napika udi."

"Unauchomea wapi?"

Swali lilikuwa jepesi, lakini Mwahija alilijibu kwa maneno mengi. Alieleza kwamba msimu wa korosho ukifunguka harusi hufuatana, na kila bibi harusi anataka udi wake, na udi si wa kuuza kwa kubahatisha. Unayeyusha sukari mpaka ibadilike rangi, unatia marashi, unatia vipande vya mti na manukato, unaipua, unakausha. Halafu kila mkupuo lazima uchome kipande kwenye chetezo, ndani, milango imefungwa, ukae unuse mpaka moshi uishe, maana uani upepo unakudanganya. Kwa hiyo alikuwa akiuchomea chumba cha mbele. Chumba ilimokaa kompyuta. Alisita kidogo, kisha akaongeza kwamba wakati mwingine alikuwa akikiweka chetezo chini ya meza yenyewe, usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa ajili ya kijicho. Watu walikuwa wanakuja kumwona mtoto kipofu anayeendesha kompyuta, wanasema mashallah, na wengine hawasemi.

Bakary alimwita kwa kidole. Katikati ya ile droo palikuwa na kigololi cha kioo, hakizidi punje ya dengu. Kilikuwa cha kahawia, kama chemni ya kandili iliyokaa mwezi bila kusafishwa.

"Hili ndilo jicho," alisema. "Mwanga unatoka hapa, unagonga diski, unarudi na maneno. Sukari yako imeganda juu yake. Halioni."

Mwahija alikitazama kigololi. Nje, mtu alikuwa akipakua magunia ya chumvi kwenye guta, akihesabu kwa sauti. Alifika saba, akafika nane.

"Na jicho la mtu?" Mwahija aliuliza.

Bakary alifungua mdomo kujibu kama fundi anavyojibu, halafu akamwelewa. Akashusha bisibisi.

"Mimi fundi wa mashine, mama. La mtu sijui."

Daktari alikwisha kumwambia, tena mara mbili. Presha ya macho, alisema, mambo ya ukoo, na Mwahija mwenyewe akakumbuka babu yake Fauzia wa upande wa baba aliyekufa kipofu, akishikwa mkono. Mara zote mbili alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kulala usingizi ni kingine, na miaka ishirini alikuwa amepika udi katika nyumba ile, mtoto akitambaa katika moshi ule.

Bakary alichovya pamba kwenye spiriti, akakigusa kigololi taratibu. Pamba ikatoka na rangi ya chai. Akageuza upande wa pili wa pamba, akagusa tena, na hapo akasimama. Kigololi kilikuwa kimelala ubavu. Kimeshikwa na vijiwaya vyembamba kuliko nywele, na viwili vilikuwa vimekatika.

"Hapa palifutwa," alisema. "Tena kwa nguvu. Nani alifuta?"

Mwahija alikumbuka kitambaa. Kitambaa cheupe, kisafi, alichokichovya kwenye maji ya mawaridi, kidole chake akakiingiza kwenye mdomo wa droo na kusugua kama anayemsafisha mtoto sikio. Aliona ni usafi. Aliona hata ni dua.

"Sijui," alisema.

Bakary alimtazama sana, hakumsukuma. Alieleza kwamba droo hii haitengenezeki, lakini kubadilisha droo si kazi kubwa. Akainama, akavuta lile boksi la chini ya meza, akafukua, akatoka na droo nyingine, nyeusi, imefutika rangi pembeni. Alikwisha kuijaribu, inasoma. Hii mbovu ataitoa, hii ataitia.

Hapo ndipo Mwahija alipoweka tena mkono juu ya bati. Neno kwa neno, kama Adija alivyosema na ungo mapajani. Anatoa chako, anatia cha kwenye boksi.

"Hapana," alisema. "Kitu changu kina alama. Hicho hakina."

"Mama, chako kimekufa."

"Umeniambia wewe."

Bakary aliiweka ile droo nyeusi mezani. Alipozungumza tena alikuwa na sauti ya mtu anayemshika kuku asiruke. Alisema kama ana wasiwasi na droo, basi amletee zile diski tu, atamnakilia kwenye flashi, mtoto asikilize kwa redio wakati wanatafuta njia. Lakini hilo lilikuwa kutia moto kwenye petroli. Diski ndizo hizo hizo, duniani hakuna nyingine, Mwalimu hawezi kuzisoma tena. Mwahija alisimama, akazikusanya kanga zake. Akamwambia afunge bati kama alivyolikuta, na droo mbovu airudishe mahali pake. Bakary aliifunga. Kila skrubu aliikaza polepole, na alipomaliza alimsaidia kuitia kompyuta kwenye bajaji, akashikilia mlango wa turubai usimgonge kichwa.

"Hata kama si kwangu," alisema, "ipeleke kwa mtu. Usikae nayo."

Njia nzima Mwahija alikuwa akitafuta la kumwambia binti yake. Alipata moja, kwamba fundi hakuwepo. Alilirudia moyoni mpaka likawa laini.

Fauzia alikuwa amekaa barazani na bahasha zake, thelathini na moja, amezipanga mapajani kwa kata zake. Kabla Mwahija hajasema, alitoa shikamoo, akapokea marahaba, halafu akaondoa bahasha kwenye mkeka ili mzigo upate pa kukaa.

"Umerudi nayo," alisema.

"Umejuaje?"

"Unatembea kisigino kisigino."

Mwahija alikaa. Alitoa lile neno lake laini, kwamba fundi hakuwepo, na Fauzia akasema ndiyo mama, kwa adabu kabisa, na adabu hiyo Mwahija akashindwa kuivumilia. Alianza kusema. Alisema habari ya droo ya kwenye boksi, na maneno ya hitima, na jinsi alivyoona kwa macho yake kijana yule akitaka kutoa chake na kutia cha mtu. La jicho la kahawia hakulisema. La kitambaa pia hakulisema. Alisema atakwenda Lindi mjini, atauliza, huko kuna mafundi wa serikali, haitapita wiki.

Fauzia alikuwa akipapasa pindo la bahasha ya kumi na tisa. Kidole kilikwenda kikirudi, kikihesabu kata.

"Mama, asubuhi uliponipa uji, ulikuwa na nini ndani?"

"Ulikuwa na nini kivipi? Uji tu. Sukari, ndimu."

"Nilijuaje?"

Mwahija alishika pindo la kanga, akaanza kulikunja.

"Mimi kila kitu napokea hivyo," Fauzia alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, kama mama yake. "Uji, chenji, njia. Mtu ananishika mkono ananiambia hapa pana ngazi, nainua mguu. Wengine wananidanganya, wanacheka. Lakini nikisema nisubiri mpaka nihakikishe mwenyewe, mama, sitoki kitandani." Akaiweka bahasha juu ya nyingine. "Na wewe ulisubiri wiki sita. Zile zilikuwa wiki zangu."

Kuku walipita barazani, wakadonoa karibu na kompyuta, wakaendelea. Mwahija alitaka kusema kwamba hofu yake ilikuwa kwa ajili yake, kwamba mama haogopi kwa ajili ya nafsi yake. Lakini alikwisha kulisema hilo mara nyingi maishani, na safari hii lilimkaa mdomoni likakosa ladha. Badala yake alisema la kitambaa. Halafu la udi. Alisema yote mpaka yakaisha, na lile la mwisho, la moshi na macho ya mtu, alilisema akitazama chini.

Fauzia alinyosha mkono, akatafuta goti la mama yake, akalipata.

"Daktari alisema ni ya ukoo."

"Najua alichosema."

"Basi twende kabla hajafunga."

Walikwenda wote wawili, na kompyuta, na sipika zake, na bahasha zote. Bakary alikuwa anafagia banda aliposikia bajaji. Aliweka ufagio pembeni, akawapisha. Fauzia alimwamkia, akamwomba amwelekeze pa kukaa, akakaa. Mwahija alibaki amesimama. Alisema kwa haraka, kabla ujasiri haujamtoka, kwamba aliyefuta jicho ni yeye, kwa kidole chake hiki, na aliyechomoa waya ni yeye pia alipokuwa anapaka piko.

"Nilijua, mama," Bakary alisema. "Ile droo inanukia mawaridi mpaka leo." Akamgeukia Fauzia. "Mama yako angenisomea na dua ningepona mafua."

Fauzia alicheka. Mwahija alikuwa hajasikia kicheko hicho tangu mwezi wa tisa.

Kazi ilianza. Bati likatoka, nyaya mbili zikatoka, droo yenye nukta ya piko ikatolewa na kuwekwa mezani. Mwahija aliitazama ikienda. Ile nyeusi ikaingia kwenye nafasi yake, skrubu mbili kila upande, waya mpana, waya mwembamba, tiki, tiki. Bakary aliongea na Fauzia kila hatua, akamwekea vidole vyake juu ya nyaya kabla ya kuwasha umeme, ahisi kwamba ncha ina kona upande mmoja na haiingii kichwa chini. Kisha akawasha, akamwomba diski.

Fauzia alimpa ya kumi na tisa.

Ilizunguka vizuri. Mlio mwororo, wa kupanda, halafu ukatulia kama feni iliyokwisha kushika kasi. Kwenye kioo yalitokea majina ya masomo, moja chini ya jingine. Bakary alibonyeza la kwanza. Kipimo cha dakika kikaanza kutembea.

Hapakuwa na sauti.

Mwahija alishika kona ya meza. Bakary alizungusha sipika, akaongeza, akapunguza. Akaenda nyuma ya kompyuta, akakuta waya wa sipika umechomekwa kwenye tundu la waridi, ambalo ni la kunasia sauti, akauhamishia la kijani. Mwahija alijua ni nani aliyeuchomeka hapo siku ile ya kupaka piko. Rangi ya waridi ilimpendeza. Bado kimya. Bakary alileta sipika zake mwenyewe. Kimya. Akaizima kompyuta, akaangalia waya wa ndani, akaiwasha. Kimya, na dakika kwenye kioo zinatembea. Nusu saa ilipita, ikapita nyingine. Muuza chumvi alikwisha kufunga. Mwahija alijikuta anahesabu siku upya, kumi na moja kutoa moja.

"Anasema," Fauzia alisema.

"Nani?"

"Mwalimu. Diski inazunguka, inasoma, inakwenda mbele. Si anasema huko ndani? Ila anasemea wapi?"

Bakary alisimama na waya mkononi. Alimtazama msichana, akatazama kioo, kioo kipya cha bandani alichokiunganisha kwa kuwa kile cha Mwahija kilibaki nyumbani. Akajipiga paji la uso. Akakaa, akafungua mahali pa kupangia sauti, na hapo palikuwa pameandikwa njia mbili. Kompyuta ilikuwa imechagua kupeleka sauti kwenye kioo, kupitia waya ule ule wa picha.

"Na kioo hiki hakina mdomo," alisema. Akachagua njia ya pili.

"...walowezi walichukua ardhi ile," ilisema sauti ya Mzee Clemence, katikati ya sentensi, kubwa mno, mpaka Bakary akarukia kitufe kuipunguza. Mzee alikohoa. Nyuma yake, huko Rondo, jogoo aliwika, na mtu alimwuliza kitu kwa Kimwera naye akamjibu ngoja kwanza, nafundisha. Kisha akaendelea na walowezi.

Fauzia alikuwa amesogea mpaka ukingo wa kiti. Alinyosha mkono mezani akatafuta bahasha ya ishirini, akaishika, akaiweka mahali atakapoipata. Hakusema asante kwa mtu yeyote. Hakuwa na nafasi.

Bakary alizinakili diski zote kwenye flashi moja kabla hawajaondoka, Mwahija akiwa amekaa mlangoni, mgongo wake kwenye fremu. Hakusimama kuangalia. Ilimgharimu, lakini hakusimama. Mwishowe kijana aliizungushia ile droo iliyokufa karatasi ya gazeti, akamletea.

"Chako," alisema. "Kina alama."

Mwahija aliipima mkononi, nyepesi kuliko alivyodhani. Alimwuliza kama ina kitu chochote cha kumfaa yeye. Bakary akasema mota labda, na mkanda wa kusukumia. Basi akamrudishia.

Siku iliyofuata Mwahija alilihamishia jiko lake chini ya mpapai, mbali na dirisha. Upepo ulimdanganya kama alivyojua utamdanganya. Mkupuo wa kwanza ulizidi marashi, na bibi harusi wa kwanza akaurudisha. Alipika mwingine. Kutoka ndani alisikia kikohozi cha Mwalimu na jogoo wa Rondo, na alijua, maana alikwisha kuingia mara mbili kuuliza, kwamba bado wako ya ishirini na mbili.

Fauzia alikuwa amemwomba jambo moja. Kompyuta zilikuwa tatu, na kule Pande na Sudi kuna mama wengine. Mwahija alisema yeye darasa la saba tu, hajui kuandika barua ya mambo hayo. Fauzia akasema si barua, ni yale uliyoyafanya tu, uyaandike kwa kinyume. Basi alikaa juu ya kibao cha mbuzi na daftari, moshi ukimfuata kila anakohamia, akaandika kwa herufi kubwa, mstari kwa mstari:

Usichome udi wala ubani wala sandarusi chumba chenye kompyuta, hata kidogo, hata usiku wa Ijumaa.

Usiingize kidole kwenye droo ya diski.

Usiifute ndani kwa kitambaa, wala maji ya mawaridi.

Usifungue bati kabla hujachomoa waya ukutani.

Usipake piko ndani.

Usichomeke sipika tundu la waridi. Ni la kijani. Mtoto mwonyeshe kwa kidole, ahesabu matundu.

Ikisoma na haisemi, usidhani imeharibika. Mwambie fundi atazame sauti imepelekwa wapi.

Usikae na diski moja moja. Nakili.

Usimfiche fundi ulichokifanya.

Usichukue maneno ya kwenye kuchambua mchele.

Usingoje wiki sita.

Mtoto akiwa anasikiliza usimuulize amefika diski ya ngapi.